Mafuta ya Parachichi kwenye Shotigani ya Lenard

Lenard Mtewele ni mtu wa kubana. Sisemi hivyo kwa kumsengenya. Mimi mwenyewe nauza vilainishi Makambako, jirani na njia panda ya malori, na mnunuzi asiyebana simwamini. Analima mahindi na parachichi upande wa Wanging'ombe, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika wao, na kitongojini kwake ndiye peke yake mwenye shotigani ya kibali. Aliirithi kwa baba yake mdogo, akazunguka ofisi hii na ile mpaka kibali kikasomeka jina lake. Nguruwe pori wakiingia shambani kwa mtu, anaitwa Lenard.

Na hakuna anayewaogopa nguruwe hao kama yeye. Dume mmoja aliwahi kumchana paja mkewe, Yunis, katikati ya mahindi, na mpaka leo mama huyo anapanda ngazi za kanisa kwa kushikiliwa. Tangu hapo Lenard akisikia mabua yanavunjika, anatafuta mti wa kupanda.

"Dada, watu wananiita mwindaji," aliwahi kuniambia. "Mimi ni mwoga mwenye bunduki tu."

Asubuhi moja ya Julai, ukungu umelala barabarani hata malori yanatembea na taa, aliingia dukani na kitu kirefu kimefungwa kwa kitenge cha Yunis. Akakilaza kwenye kaunta.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Umebeba nini, fimbo ya askofu?"

"Ndugu yake. Leo wanahakiki silaha kituoni. Nataka mafuta ya kuing'arisha kabla hawajaiona. Halafu kikomeo cha kuifungulia kimekaza, kutu nadhani. Wakiona iko hivi wataichukua, na mahindi yangu ndiyo yanakomaa. Unifanyie bei ya ndugu."

"Bei ya ndugu ndiyo kubwa, maana ndugu analipa mwakani. Fungua nione."

Akafungua. Harufu iliyotoka haikuwa ya mafuta ya chuma. Ilikuwa ya moshi wa jikoni na ya kikaango kilichosahaulika. Chuma chote kilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na nilipokigusa kidole kiling'ang'ania kama nimeshika ulimbo.

"Umeipaka nini hii?"

"Ya Yunis. Ya parachichi." Yunis hukamua mafuta kutoka kwenye parachichi zilizokataliwa na wanunuzi, akawauzia akina mama wapake ngozi na nywele. "Kama yanalainisha ngozi ya mtu, chuma yatakishindwaje? Na ni ya bure."

"Unaiweka wapi?"

"Darini jikoni, juu ya moto, pamoja na mbegu. Palipo pakavu."

Nikaelewa yote. Kwetu huku mahindi ya mbegu yanakaa juu ya moto, moshi uwafukuze dumuzi na unyevu usifike. Hata mama yangu alifanya hivyo, na mbegu zake ziliota. Lakini mafuta ya tunda yakipigwa joto kila siku hukauka yakawa gundi, na masizi yakishuka juu yake ni kama umesiliba. Lenard alikuwa ameipika bunduki.

Nikaanza biashara. Akataka grisi ya bearing, maana inauzwa nafuu. Nikamwambia kwa baridi ya huku grisi hiyo inasimama kama siagi, pini ya kupigia itatembea kama mgonjwa. Akauliza oili chafu, ile madereva wanamwaga. Nikamwambia hiyo ina maji na masizi; ni kuinunulia kutu kwa mkono wako. Nikamwekea chupa mbili: mafuta mepesi, ya jamii ya yale ya cherehani, kwa ajili ya viungo vinavyocheza, na mazito kidogo ya kuzuia kutu, ya kupaka nje nyembamba kama mtu anayepaka uso.

"Hii nyepesi haitoshi peke yake?"

"Inakimbia. Wiki mbili chuma kiko uchi."

"Punguza basi."

"Sipunguzi. Kwanza niambie, iko tupu?"

Lenard akajikuna nyusi.

"Karibu tupu."

Nimeuza vitu miaka mingi na nimedanganywa kwa kila namna, lakini neno "karibu" halijawahi kuniingia mifupani vile. Nikatazama mtutu. Muda wote tulipokuwa tunavutana bei, ulikuwa umeelekea tumboni kwangu.

"Karibu tupu maana yake nini, Lenard?"

"Imo moja. Alfajiri ya juzi nguruwe walikuja, nikavuta, ikasema 'ka', basi. Nyundo ilishuka polepole kama inasinzia. Nguruwe akanitazama, mimi nikapanda mti. Tangu hapo haifunguki."

Yaani nyundo ilikuwa imelalia pini, na pini imelalia risasi nzima; ikigongwa kidogo tu, inalipuka. Na alikuwa ameileta hivyo juu ya bodaboda, barabara ile yenye mashimo, mtutu ukiwa mgongoni mwa dereva.

Nilitoka nyuma ya kaunta kwa upande, taratibu, kama mtu aliyeona nyoka kwenye gunia. Nikampigia simu askari anayeshughulikia silaha kituoni. Namba yake ninayo kwa sababu pikipiki yake inakunywa oili kwangu. Akasikiliza, akasema: "Itolewe nje, mtutu uangalie kwenye mchanga, taratibu, isigongwe. Watu wakae mbali. Nakuja."

Kwenye uwanja wa nyuma kulikuwa na lundo la mchanga wa fundi ujenzi. Nikamwambia Lenard abebe yeye. Alibeba kama anayebeba mtoto mchanga wa mtu mwingine. Jasho lilikuwa linamdondoka na baridi ile. Akailaza, mdomo kwenye mchanga, tukarudi nyuma ya ukuta.

Kusubiri ndiko kulikomshinda.

"Wataichukua, dada. Wakiichukua, Yunis atavuna nini? Atakwenda yeye kulinda na lile paja?"

"Waichukue. Wewe ubaki."

Mlangoni kwangu Jenifa mama lishe anakaanga maandazi. Niligeuka mara moja tu kumwambia asogeze wateja wake. Nilipogeuka tena, Lenard alikuwa amepita upande wa pili, ameshika jiko la akiba la Jenifa, lina makaa mekundu, anakwenda nalo kwenye mchanga.

"Ni baridi tu imeyagandisha mafuta!" akasema bila kusimama. "Nikiipasha moto kidogo yatalegea, risasi nitaitoa kabla askari hajafika."

Jenifa ndiye aliyepiga kelele: "We mbaba! Utatuua na jiko langu?"

Akasimama. Akalitazama jiko, akaitazama bunduki. Akaliweka jiko chini na kukaa kando yake, mikono kichwani. Nadhani ndipo alipoona alichotaka kufanya.

Askari alifika, akachuchumaa ubavuni mwa bunduki, si mbele yake. Alitumia chupa yangu nyepesi: tone kwenye bawaba, tone kwenye kikomeo, akasubiri, tone tena. Aliposukuma kikomeo kwa gumba nilifumba macho. Nikasikia mlio mdogo, kama kufuli la sanduku. Nilipofumbua, mtutu ulikuwa umekunjuka kwenye bawaba na risasi iko kiganjani mwake, ina kovu dogo kitakoni.

Akanusa kidole chake. "Hiki ni chakula?"

"Parachichi, afande," Lenard akajibu chini chini.

Shotigani ilibaki kituoni mpaka atengeneze sanduku la chuma lenye kufuli, mbali na jiko, na fundi mwenye leseni aisafishe. Mwezi huo nguruwe walimaliza shamba lake la bondeni. Yunis hakutoka nje ya mlango. Lenard alimkataza, akawa analinda kwa kupiga debe akiwa juu ya mti.

Siku aliyorudishiwa alipita dukani. Nilimhudumia nje, palepale kwenye mchanga. Akachukua chupa zote mbili, na nikamsisitizia: ndani ya mtutu pafutwe pakauke kabla ya kupiga, na risasi isikutane na mafuta hata kwa bahati mbaya, yanaua baruti. Akaomba nipunguze. Sikupunguza.

Dereva wa bodaboda alikuwa Remmy, yuleyule aliyemleta ile asubuhi, na habari zilikuwa zimemfikia.

"Leo iko karibu tupu au tupu?"

Lenard akaikunjua palepale, akaingiza kidole mahali pa risasi, kisha akauinua mtutu mbele ya jicho la Remmy. Remmy alichungulia mpaka akaona mawingu upande wa pili.

"Nimeona," akasema. "Sasa panda, mdomo uutazamishe kwako, si mgongoni kwangu."