Oveni ya Kwenda Kinangop

Mtu wa kwetu akikosa cha kujisifia hujisifia hewa. Mimi ni wa Kinangop, kule juu ambako umande huganda juu ya majani ya viazi na watoto huenda shule na sweta mbili. Miaka yote niliyokaa Dubai sijapata kusimama kituo cha basi mwezi wa saba bila kumwambia aliye karibu nami kwamba kwetu kuna hewa. Si hii ya hapa, inayokupumulia usoni. Hewa yenyewe, baridi na safi. Wenzangu wa Discovery Gardens, tunaolala wanane chumba kimoja, walishachoka kunisikia.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba kosa nililofanya halikutokana na ujinga peke yake. Lilitokana na majivuno, na hayo nilizaliwa nayo.

Nilianza hapa kama mlinzi wa mlangoni. Miaka mitano nilifungulia watu milango na kuitwa "my friend" na watu wasiojua jina langu. Baadaye arbab mmoja, ndivyo tunavyomwita bosi hapa, mwenye karakana Al Quoz, alinichukua. Kazi yake ni kununua vyombo vya jikoni kutoka mikahawa inayofungwa, kuvitengeneza na kuviuza tena. Akaniweka chini ya fundi wa gesi, Mganda mwenye umri mdogo kuliko wangu kwa miaka tisa. Hilo la umri liliniuma, sitaficha.

Tena alikuwa na tabia ya kusoma. Kila chombo kilichoingia, kabla hajagusa spana, alipiga magoti na kusoma kibandiko cha nyuma kuanzia juu mpaka chini, midomo ikitikisika. Nikamwita Mheshimiwa, maana alisoma kama mtu anayewasilisha mswada bungeni. Hakukasirika hata siku moja; mimi aliniita ssebo, yaani bwana kwa Kiganda. Mtu asiyekasirika huwatesa sana wenye hasira kama mimi.

Lakini kazi alinifundisha, tena vizuri. Vyombo vingi tulivyoletewa vilikuwa vya gesi ya bomba, ile ya majengo makubwa, na wanunuzi wetu walitumia gesi ya mtungi. Huwezi kutoa hii ukaweka ile hivi hivi. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi na hutoka kwa presha kubwa zaidi. Mahali inapotokea kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, sisi hukiita jeti. Jeti ya gesi ya bomba ina tundu kubwa. Ukiipitishia gesi ya mtungi, moto unapanda mrefu na wa manjano, unatoa masizi, na pamoja na masizi unatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwa hiyo unatoa jeti zote na kuweka za tundu dogo, za mtengenezaji mwenyewe, kisha unarekebisha regulata, unapima presha, unapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo uone kama linatoa mapovu, ndipo unawasha. Moto mzuri ni wa buluu, mfupi, umetulia. Mwisho unabandika kibandiko kipya kinachosema chombo kimebadilishwa na nani, kwa gesi gani.

Siku za kwanza nilipendekeza tuzibe matundu kwa risasi ya kulehemu na kuyatoboa upya kwa sindano, kama tulivyozoea nyumbani. Mheshimiwa alinitazama kama niliyeingia msikitini na viatu.

"Banange! Sindano?" alisema. "Ssebo, tundu hili mtu alipima. Wewe utapima na nini, na macho?"

Basi mwaka huu, mwezi wa sita, karakana ililetewa oveni ya mikate kutoka hoteli moja iliyokuwa ikibadilisha jiko. Kioo cha mlango kilikuwa kimepasuka na hakuna aliyeitaka. Arbab aliizunguka mara moja, akaipiga teke dogo, akaniambia, "You take. Khalas." Nilisimama pale nikijizuia nisimkumbatie.

Nilikuwa na mtu wa kuipelekea. Dada yangu mdogo anaoka mikate kwenye pipa, makaa chini na makaa juu, katika chumba alichokodi karibu na soko. Yeye na wanawe wawili wanalala chumba cha nyuma, na kati ya vyumba hivyo viwili kuna pazia tu. Shule mbili zilikuwa zimemwambia kwamba muhula wa tatu ukifunguliwa zitachukua mikate kwake, mradi aweze kuoka mingi kila asubuhi. Pipa halingeweza. Oveni ingeweza.

Niliitia kioo kingine, kisha nikaibadilisha mwenyewe, jioni baada ya kazi, jeti moja baada ya nyingine. Mheshimiwa alikagua akaridhika. Nikaiwasha, moto ukawa wa buluu kabisa, nikaoka mkate mmoja tukala wote na chai. Sijawahi kujiona mtu mkubwa kama siku ile.

Ndipo Mheshimiwa, mdomo umejaa mkate, akauliza, "Ssebo, kwenu ni juu?"

"Juu sana. Kuna hewa safi, nimekuambia mara ngapi?"

Akapiga magoti nyuma ya oveni, akaweka kidole kwenye kibandiko. "Hapa wameandika. Ukienda juu ya kimo hiki, jeti inabadilika tena. Inakuwa ndogo zaidi. Huko juu hewa ni nyepesi, moto hautapata ya kutosha."

Sikumwacha amalize. "Hewa ya kwetu haitoshi? Mimi nimezaliwa huko, nimepumua huko miaka ishirini, leo wewe ndiye utanifundisha hewa ya kwetu? Hapa ndio hakuna hewa! Kama moto umewaka vizuri kwenye hili jasho, huko si utawaka mara mbili?"

"Safi si nyingi, ssebo."

"Wewe soma vibandiko vyako!"

Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika. Kesho yake niliipakia oveni kwenye gari nikaipeleka Deira, kwa wakala wa kago, mzee wa asili ya Unguja, na akaipigia sanduku la mbao. Kontena lingefungwa siku ya nne. Karakanani sikusemezana na Mheshimiwa siku tatu. Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hawakufanya kazi na mtu yule.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Dada yangu alinipigia video baada ya kanisa. Yeye amepewa jina la nyanya yetu, mimi la babu, kwa hiyo tangu utotoni namwita Cucu naye ananiita Guka, kama wazee wawili.

"Guka, hii baridi ya mwezi wa saba itatumaliza," alisema. "Lakini nimejipanga. Ona." Akageuza simu anionyeshe chumba. Dirisha pekee alikuwa ameliziba kwa magunia, na juu ya magunia amepigilia nailoni. "Oveni ikifika hapa kutakuwa na joto tamu. Watoto watafanyia homework hapa hapa, mbele yake."

Nikasema vizuri, vizuri sana. Tulipoagana nilikaa kitandani nikiyafikiria yale magunia.

Kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi, yeye sita. Mama alikwenda kukamua, akatuachia jiko la makaa ndani, na dirisha ameliegemeza wazi kwa kijiti. Aliniambia nisiliguse. Dada yangu alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Nilisikia baridi. Nikatoa kijiti, nikafunga dirisha, na upenyo uliobaki nikauziba kwa sweta kuukuu ya mama. Baada ya muda kichwa kikawa kizito, nikatoka nje kukojoa, na huko nje nikapata nafuu. Niliporudi, dada yangu alikuwa amelala vibaya, midomo wazi, haamki. Nikamburuta kwa miguu mpaka kwenye nyasi. Alitapika, akalia, akapona. Mama alipofika dirisha lilikuwa wazi na kijiti chake, na mimi nikasema alikula plamu mbichi. Akachapwa kwa plamu ambazo hakula.

Nilikuwa nimeiona hewa ya kwetu ikikosa kutosha. Niliiona kwa macho yangu, nikaificha, na baadaye nikazunguka Dubai nzima nikiisifu. Na sasa nilikuwa nimempelekea dada yule yule moto mwingine, mkubwa kuliko wa jiko, na jeti zisizo zake.

Jumatatu niliwahi karakanani kabla ya wote. Mheshimiwa alipoingia nilisimama.

"Kaka, nisamehe," nilimwambia, na hilo neno kaka halikuwa rahisi. "Uko sahihi. Sanduku liko Deira, kontena linafungwa leo saa kumi. Nisaidie."

Alifungua droo yake akatoa kimfuko cha plastiki. Ndani mlikuwa na jeti mpya, ndogo, zimepangwa, na karatasi yenye namba alizonakili kwenye kibandiko.

"Niliziagiza ile siku ulinitukana," alisema. "Nilijua utarudi. Watu wa hasira wanachoka mbio."

Wakala wa Deira alipotuona na makasha ya spana alishika kiuno. "Ah, ndugu zangu, sanduku lishapigiliwa misumari, mwataka nini tena?"

Nilimweleza yote, pamoja na watoto wanaolala nyuma ya pazia. Alisikiliza, akamwita mtu wake na mtarimbo. "Fungueni basi. Lakini moto humu ndani hamuwashi, kuna mizigo ya watu."

Tulifanya kazi kwenye lile bohari, joto limetuganda mwilini, Mheshimiwa akisoma namba na mimi nikifunga. Nilimuuliza tutajuaje kama ni sawa bila kuwasha. Akasema hata tukiwasha haitasaidia, maana hapa chini, kando ya bahari, moto wa jeti hizi utaonekana dhaifu, utatudanganya. Oveni hii ingepimwa huko huko itakakofanyia kazi, na fundi mwenye leseni ya gesi, siyo na mtu yeyote mwenye spana. Aliandika hivyo kwa mkono wake, kwa Kiswahili na Kiingereza, akaibandika karatasi mlangoni pa oveni: USIWASHE KABLA HAIJAPIMWA. Ndani nilitia bomba la kutolea moshi na king'ora kidogo cha ukutani kinacholia kikinusa ile hewa ya sumu. Sanduku likapigiliwa tena saa tisa na nusu.

Usiku... hapana, nisiongeze chumvi. Nililala vizuri tu. Lililobaki lilikuwa dirisha. Nilimpigia dada yangu, nikamwambia magunia yatoke kabla oveni haijafika, na bomba la moshi litoke nje ukutani. Alilalamika kuhusu baridi. Nikapandisha sauti, kisha nikaishusha nikamwambia naomba. "Sawa, Guka," akasema. Sababu sikumpa. Nilisema ni sheria za gesi.

Oveni ilifika mwishoni mwa mwezi wa nane. Fundi alitoka Naivasha, akashinda pale nusu siku. Nilikuwa karakanani simu iliponiita, na Mheshimiwa akaja kuchungulia begani kwangu bila kualikwa.

Dada yangu alikuwa na sweta mbili na kofia ya sufu. "Fundi anasema aliyeweka hizi jeti anajua kazi," alisema, na mimi nikamwonyesha Mganda kwa kidole. Akainama, akasogeza simu kwenye kidirisha cha chini cha oveni. Moto ulikuwa wa buluu, mfupi, umetulia. Hakuna manjano. Mheshimiwa aliuangalia kwa muda mrefu akasema, "Eeh. Kabisa." Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Dada yangu akainua simu. Nyuma yake king'ora kilikuwa ukutani, taa yake ya kijani inawaka. Dirisha lilikuwa wazi, limeegemezwa kijiti.

"Umeona dirisha?" aliuliza. "Hili sitaziba na sweta ya mama."

Nilitoka na simu nje ya karakana.

"Guka, ile siku nilikuwa sijalala bado. Nilikuona ukifunga."

"Miaka yote hii?" nilisema. "Na ukachapwa?"

"Nilikuwa nasikia baridi hata mimi," alisema. "Ulipofunga nilifurahi. Nilijua umenifungia mimi." Akapangusa unga puani kwa mkono wa sweta. "Sasa unalia ama nikuonyeshe mkate?"

Nikamwambia anionyeshe mkate.