Chupa Iliyong'aa Kijani

Lifti ya handaki letu naiendesha mimi, na tusidanganyane, hakuna anayeiendesha kama mimi. Shule niliiaga darasa la sita, lakini wataalamu wa miamba wenye vyeti virefu kuliko shuka hawashuki hata mita moja bila kidole changu. Ila leo najizuia. Namsifu dada yangu, ingawa akisikia atasema nimeanza uongo wangu.

Dada yangu ni mchota maji. Usicheke. Kule chini, mita mia nne, wanachunguza kama mwamba unaweza kukaa na taka za nyuklia miaka laki moja bila kuvujisha kitu. Taka zenyewe bado hazijaletwa. Kwanza mwamba unafanyiwa usaili. Wametoboa tundu, wakaingiza kopo la shaba lenye hita ndani ya kuiga joto la taka, wakalizungushia udongo wa mfinyanzi, mbele wakaziba kwa kizibo kinene kuliko mlango wa benki. Kila Jumatatu dada anafungua kibomba kinachopita kwenye kizibo, anakinga chupa moja ya maji yaliyo nyuma ya kizibo hicho, anayapima. Mwaka wa tisa huu.

Sasa, maji yoyote tunayoteremsha sisi, ya kuchimbia, ya kunawa, ya kuoshea mabuti, yanatiwa rangi. Kwa macho huioni. Ukiyamulika kwa taa ya zambarau, yanang'aa kijani. Maji ya mwamba hayang'ai. Kwa hiyo kijani kikionekana nyuma ya kizibo, maji yetu yamepenya. Na panapoingia maji, sumu nayo itapata pa kutokea.

Jumatatu hiyo aliniita kwa simu ya ukutani. Hakunitania, nikajua kuna jambo. Nikamwachia mwenzangu lifti, nikashuka. Nilimkuta kwenye chumba cha vipimo, taa kazima, chupa iko mezani inang'aa kama jicho la paka.

Aliniambia ni moja kati ya mawili. Ama kizibo kinavuja, na jasho la watu sitini limekwenda na maji. Ama uchafu umetoka mkononi mwake, na nani ataamini vipimo vyake vya miaka tisa?

Mkuu wa handaki akaingia. Wakaguzi walikuwa waje Alhamisi. Aliongea taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa. Hakusema tudanganye. Alisema tu chupa ni kioo, na kioo huvunjika. Ichotwe nyingine, isomwe hiyo.

"Haitavunjika yenyewe, Mkuu," dada akasema, akaifungia kabatini.

Nyingine ichotwe, alikubali, ila si kwa mkono wake. Alitaka mtu ambaye hajagusa maji ya handaki, na kule chini wote wananawa hayo hayo. Wakanigeukia mimi, mfalme wa kibanda kikavu cha lifti kule juu, ambako maji hayatiwi rangi. Dada akanimulika viganja, mbele na nyuma. Nikasema mikono hii ingefaa kuwekwa makumbusho. Hakucheka mtu.

Nikavaa glavu mpya kutoka kwenye pakiti iliyofungwa. Pale kwenye kizibo, dada akasimama hatua tatu nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Zungusha robo tu. Ukitaka kukohoa, toka kwanza."

Maji yalitoka tone, kimya, tone. Dakika arobaini. Jasho likashuka mpaka kwenye kope, na mimi nimekaza shingo lisije likadondokea kwenye chupa. Nyuma yangu nilisikia dada anahesabu matone kwa kunong'ona.

Tukamulika. Hakuna kijani.

Mkuu akashusha pumzi, akanipiga bega, akasema basi, iandikwe hiyo. Lakini dada alikwisha kugeuzia taa glavu zake mwenyewe, zile alizochotea chupa ya kwanza. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kijani.

"Nilizisuuza Ijumaa," akasema. "Kwenye bomba letu. Niliona uvivu kupanda juu."

Yeye, ambaye amewafokea watu miaka tisa kuhusu bomba hilo hilo.

Mkuu akambembeleza: kizibo kizima, mwamba mzima, kuitaja glavu kutamfaidisha nani? Na mimi, sifichi, nikamuunga mkono: "Dada, kwani glavu ina mdomo?"

Akaniangalia mpaka nikajiona niko tena darasa la sita.

"Mdogo wangu, atakayelinda hizi taka hatatukuta. Hata makaburi yetu hatayajua. Akiwa na swali atafungua daftari, basi. Sasa unataka nimwachie daftari gani?"

Akaandika chupa zote mbili, saa, glavu, na jina lake. Chini akaongeza kwamba asiguse sampuli mpaka kazi yake yote ya nyuma ipimwe upya na watu wengine. Mkuu alitia sahihi kama mtu anayeng'olewa jino.

Alhamisi wakaguzi walisoma ukurasa ule mara mbili. Hawakumpongeza, hawakumgombeza. Kila chupa huwekewa nusu yake ya akiba; walichukua nusu hizo zote za miaka tisa, wakazipeleka maabara nyingine. Huu ni mwezi wa pili tangu wazichukue, majibu hakuna. Dada amekonda, na simu ikilia anaacha kijiko hewani.

Jumatatu nachota mimi. Yeye anasimama nyuma ya kamba, mikono mfukoni, ananiambia nimezungusha kupita robo. Na kweli huwa nimepitisha.