Maji Tuliyomnywesha Kikongwe

Treni nzima ilikuwa ikisonya. Sauti hiyo ninayo masikioni mpaka leo, na sijapata kusikia nyingine mfano wake. Kwanza injini ilikohoa mara tatu, ikatema maji na moshi kwa pamoja kupitia dohani yake, ikatoa fyuuu ndefu kama mchukuzi anayetua gunia, halafu ikanyamaza. Hapo mabehewa yote, tangu la mbele hadi la mkiani, yalitoa msonyo mmoja mrefu: wapakuzi wa meli, wapishi wa Wazungu, makarani wenye kalamu mfukoni, wote midomo imebana na mate yanalia menoni. Sisi wa landhi za Changamwe, nyumba za wafanyakazi wa reli, tuliusikia tukiwa jikoni, kwa kuwa injini ilikuwa na mazoea ya kufia kwenye kona iliyo nyuma ya nyumba zetu, hata kabla haijashika njia ya daraja la Makupa. Mama alikuwa akiacha mwiko ndani ya sufuria na kuinamisha kichwa. Alijua msonyo ule unamwendea nani.

Ulimwendea Baba. Fundi Chengo alitoka Rabai kijana, akajifunza kazi ya injini kwa kushika taa na kufuta grisi, mpaka akakabidhiwa ile iliyovuta treni ya wafanyakazi kila asubuhi kwenda kisiwani penye bandari. Ilikuwa injini ya makaa iliyochakaa, imeshonwa viraka ubavuni, na watu walimwita Kikongwe. Mimi nilimpenda. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, kichwa kimejaa ndoto, na katika ndoto zangu nilivaa kofia ya Baba nikamwendesha Kikongwe mpaka Nairobi, watu wakinipungia mikono kwenye kila stesheni. Lakini miaka ile ya mwisho mwisho ya utawala wa Mzungu hakuna aliyempungia mkono. Aliyefika bandarini baada ya king'ora alifungiwa lango, siku yake ikawa imekufa. Kwa hiyo Kikongwe akikwama, wanaume waliruka chini wakaanza kutembea upesi, na kila aliyepita penye injini alimwachia Baba neno. "Fundi, jana ulilala na mkeo au ulilala na spana?" "Mwacheni, huyu anangoja bibi yake azae." Baba alikuwa ndani ya tumbo la injini, miguu tu inaonekana, anagonga.

Kulikuwa na mama mmoja pale stesheni, Bi Mwanajuma, aliyeuza chai na mahamri. Chai yake ilisifiwa Changamwe nzima, na siri yake ilikuwa maji. Bomba la landhi lilitoka kwa saa chache na foleni yake ilikuwa ya kupigana, na kisima chetu kilikuwa cha maji ya chumvi, ukichemshia maziwa yanakatika. Maji matamu ya uhakika yalikuwamo kwenye birika la saruji lililochimbwa ardhini karibu na karakana, maji ya kunyweshea injini. Kulikuwa na mlinzi, na ndani ya birika palikuwa na kijiti kilichoelea chenye alama, akikitazama asubuhi na jioni kujua kama maji yamepungua. Adhuhuri mlinzi alipokwenda kuswali, Bi Mwanajuma aliniita. "Kadzo."

"Abee."

"Njoo mwanangu, una miguu myepesi. Twakopa ndoo mbili."

Alisema kukopa, na wallahi alimaanisha. Kwetu pwani ukiazima kikombe cha chumvi kwa jirani unarudisha kikombe cha chumvi, na hakuna ugomvi. Basi sisi tulichota ndoo mbili za maji matamu, tukamimina ndoo mbili za kisimani, ndoo kwa ndoo, kijiti kikarudi palepale kwenye alama yake. "Hatukuiba," aliniambia akinitilia hamri la moto kiganjani. "Mwizi harudishi." Nilimwamini. Maji ni maji, na injini haina ulimi. Siku zikienda, jambo jema likaenea kama harufu ya samaki wa kukaanga. Nusu ya wanawake wa landhi wakawa wanakopa na kurudisha, na Mama pia, kila alipotaka kupika wali wa nazi. Mmiminaji wao mkuu nilikuwa mimi, maana niliweza kupita upenyo wa ua bila kupasua nguo. Abiria wakanywa chai tamu stesheni wakiilaani injini, na chai yenyewe ilikuwa maji yake.

Kikongwe alizidi kuugua. Aliyekuwa akikwama mara moja kwa mwezi, sasa alikwama mara mbili kwa wiki. Asubuhi moja watu hawakuridhika na msonyo. Walimvuta Baba miguu, wakamtoa chini ya injini, wakamchania shati na kumpaka majivu usoni. Mmoja wao alikuwa mume wa Bi Mwanajuma, mpakuzi, aliyefungiwa lango siku tatu katika wiki ile. Baba alirudi nyumbani akitembea katikati ya landhi vile vile alivyo, mweupe kama mzuka, na wanawake wakamcheka wakiwa wameshika ndoo zao. Jioni akatuambia, sauti yake ya kawaida kabisa, kwamba Mzungu wa karakana amempa mpaka Jumamosi. Injini ikifa tena, aondoke kazini, na nyumba ya landhi aiachie siku hiyo hiyo.

Usiku wa kuamkia Ijumaa hakulala nyumbani. Alizima moto, akafungua boila linalochemsha maji ya injini na kuingia na patasi. Aliporudi asubuhi alikunjua kitambaa, ndani yake mna magamba meupe magumu, manene kama ganda la kobe. "Mabomba yote ya ndani yamevaa haya," akasema. "Mzungu asema sikuosha. Nimeosha kila wiki." Akavunja kipande akakiweka ulimini, akampa Mama, Mama akanipa mimi. Sikuhitaji kukitafuna. Ilikuwa chumvi, ladha ile ile niliyokuwa nikiilamba vidoleni kila adhuhuri nikitoka kwenye birika. Nikamtazama Mama, naye akageuka upesi kutazama moto wake, uliokuwa ukiwaka vizuri tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nasi tulikuwa wawili ndani ya nguo za Baba.

Nilikimbia kwa Bi Mwanajuma. Nilidhani atashtuka, ataita wenzake, tukamwombe Mzungu radhi sote. Aliendelea kukanda unga. "Kwani mimi nimemtia babako chumvi?" akasema. "Injini imezeeka, na fundi wake bwege. Ukifungua hicho kinywa, wa kwanza kutajwa ni mamako. Na wa pili ni wewe, kwa kuwa mimi sijawahi kumimina hata kikombe. Mkono uliomimina ni wako." Alinitazama tena kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake. "Nenda. Na leo hakuna hamri."

Mficha uchi hazai. Nilimwendea Baba karakanani, mahali ambapo watoto wa kike hawakuruhusiwa, nikamwambia yote nikiwa nimeshika boriti ya reli kwa mikono miwili. Nilitaja jina langu tu. Akaniuliza, "Ndoo ngapi kwa siku?" nikasema sijui, nyingi. Akanifuta kamasi kwa kona ya shati lake lenye grisi, akaenda kwa Mzungu. Hakumtaja mtu. Alimwonjesha maji ya birika, akaomba limwagwe, lijazwe upya na kutiwa kufuli.

Jumamosi Kikongwe alivuka Makupa bila kukohoa, na Jumatatu, na wiki zilizofuata. Watu walifika bandarini kabla ya king'ora. Nilingoja waje kumshukuru Baba. Walikuja wake zao, kudai ufunguo. Chai ya Bi Mwanajuma ikaanza kukatika, wateja wakamhama, na kosa la Fundi Chengo sasa likawa kutengeneza. Wanawake walihamisha ndoo zao Mama alipojiunga na foleni, na salamu yake ikaachwa ianguke chini. Shuleni walinimwagia maji ya kisima kwenye daftari, wakisema wanarudisha. Hivyo tuliishi, miaka miwili na zaidi.

Sasa ninakaa Kisauni, na maji nauziwa na kijana wa mkokoteni anayeapa ni matamu. Mara nyingine si matamu. Nikionja nacheka, nayapikia hayo hayo, na sufuria yangu inavaa magamba meupe. Nikipima enzi zile na hizi, naona binadamu hajabadilika sana: bado tunamlaani fundi kuliko tunavyotazama mikono yetu. Bi Mwanajuma simchukii. Alikuwa na watoto sita na chai moja. Lakini zamani nilidhani ukweli ukisemwa watu hupendana, na hilo silidhani tena, ingawa bado nausema.

Siku ya Uhuru ilipofika, Kikongwe alivishwa makuti na bendera mpya, na Baba akapanda kumtunza asije akaaibisha taifa. Landhi nzima ilijazana mabehewani kwenda kisiwani kuimba. Mama alikwenda mapema kanisani. Mimi nilibaki nyuma kutafuta kiatu, na nilipofunga mlango nikaona mtu ametutemea tambuu, mate mekundu yametiririka kutoka kwenye komeo hadi kizingitini, mabichi bado. Nikasikia honi ya Kikongwe, na vigelegele. Nilivua kitambaa changu kipya cha kichwa, nikakilowesha mtungini, nikapiga magoti nikausugua ubao wa mlango mpaka ukarudia rangi yake, Baba asije akayaona yale mate.