Sungura Sita na Jua la Saa Tisa

Lomorukai hakuwa mtu wa kutulia. Wenzake katika kituo cha utafiti wa mifugo, nje kidogo ya mji wa Isiolo, walimtania kwamba hata chai anainywa akitembea. Alitoka Kipsing baada ya ukame kummalizia ng'ombe, akapata kibarua cha kutunza sungura sita weupe. Kazi ilimkaa. Mtu aliyelelewa akitoa damu ya ng'ombe shingoni kwa mshale hatashindwa na mshipa wa sikio la sungura.

Mwaka huo wa 1984, Daktari Denge alitaka kujua kwa nini fahali wengine hupanda lakini ng'ombe hawashiki mimba. Lomorukai akiwashika, aliwadunga sungura wanne protini za mbegu za fahali, ili miili yao itengeneze kingamwili za kuzitambua. Wawili hakuwadunga, wawe wa kulinganishia. Kisha akaenda Nairobi wiki tano, namba za sungura akaziacha zimebandikwa kwenye vizimba.

Aliporudi, Lomorukai akatoa damu, naye akaipima. Alitia tone la maji ya damu na tone la protini katika vishimo viwili kwenye sahani ya jeli. Penye kingamwili, mstari mweupe hujitokeza katikati. Kesho yake mstari ulikuwa kwa namba tano, ambaye hakudungwa, na kwa namba mbili, aliyedungwa, hapakuwa na kitu. Daktari akasema kazi ya miezi imeharibika. Sungura wote wachinjwe, waanze upya.

Lomorukai alijua kilichotokea wiki zile tano. Jua la saa tisa lilichoma vizimba vya magharibi, naye, kama mchungaji yeyote, aliwapa wanyama zamu ya kivuli. Alihamisha sungura, si namba. Namba za nini, na yeye anawajua kwa sura? Akisema, kibarua chake kimeota nyasi. Akinyamaza, sungura wamekwisha. Alizunguka ua mara saba, ndipo akaingia.

"Daktari, ni mimi nilihamisha hawa. Jua ilikuwa inawaua."

Daktari alikasirika, tena hakuamini kwamba kuna mtu anayeweza kutofautisha sungura weupe sita. Lomorukai akawaonyesha mmoja mmoja: huyu hutafuna waya, huyu sikio limelala, na wale wawili ndio hawakudungwa. Damu ikatolewa upya, wakasubiri. Siku hiyo alifagia ua hadi pakakosa cha kufagia. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa akiwa mzee wa umri ule.

Asubuhi mistari ilikuwa minne, kwa wale wanne aliowataja.

Daktari akakohoa. "Kuanzia leo, mzee, hakuna kuhamisha sungura."

"Na jua ya saa tisa?"

Daktari akatoka hadi vizimbani. Alishika upande mmoja wa kizimba cha namba mbili, akamwashiria ashike wa pili, wakakibeba pamoja na namba yake hadi kivulini. Walipomaliza vile vya magharibi vyote, Lomorukai aliketi chini, akaomba chai.