Diferansieli Mbili na Wivu Wangu

Mimi ni fundi umeme, na mtu ninayemwonea wivu kuliko wote ni mdogo wa mke wangu, ambaye naye ni fundi umeme. Afadhali niseme mapema. Yeye ndiye aliyefunga umeme kwa jirani yetu hapa Kampemba, na tangu hapo mke wangu anaangalia upande ule tu.

Kwetu, mvua ikiingia katika prizi, yaani soketi, ya uani, nyumba nzima inazimika, friza na televisheni pamoja. Kwa jirani umeme unazimika uani tu. Nilijitetea kwamba mganga hajigangi.

"Basi mudogo wangu akuye akugange," mke wangu akajibu.

Ningeweza kumwuliza shemeji. Badala yake, jirani alipokwenda misani, nikachungulia boksi lake la umeme la barazani. Niliona diferansieli, kile kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, kikakata mara unapovujia ardhini au mwilini mwa mtu. Moja ilikuwa mbele, mbili nyuma yake. Nikanunua mbili za miliampea thelathini, nikafunga moja nyuma ya nyingine. Maandishi ya ile ya mbele kwa jirani sikuyasoma. Ilikuwa ya mia tatu, tena ya kuchelewa kidogo, ili ile ndogo iliyo karibu na hitilafu ikate kwanza na vyumba vingine vibaki na umeme. Zangu zote mbili hazikuwa na subira, kama mwenyewe.

Jumapili mama mkwe alikuja na shemeji. Tulikuwa tukila bukari, ugali wetu, na samaki wa Kasenga, mpira unaendelea kwenye televisheni. Mke wangu alipochomeka pasi yetu mbovu, diferansieli zote mbili zikaruka pamoja, nyumba nzima ikazimika, mpira nao.

"Shemeji," akasema mdogo wake taratibu, "ile ya mbele inapashwa kungojea."

Wote wakacheka. Nilimchukia, na nilichukia zaidi kwamba alisema bila majivuno.

Walipoondoka, nikaunga waya kuzipita zote mbili, ili kwangu kusizimike tena kamwe. Siku nne umeme ulikaa vizuri, kichwa kikanivimba.

Siku ya tano mke wangu alikuwa akipiga deki jikoni, pekupeku. Akashika mlango wa friza, iliyokuwa imeanza kuvuja umeme bila kifaa cha kuukata, akapiga yowe, akarushwa hadi ukutani. Nilikimbia nikazima umeme wote. Mkono mmoja ulikuwa umekufa ganzi, lakini alikuwa hai. Nikapiga magoti, nikamwambia ukweli kuhusu ule waya.

Hakunitukana. Alichukua simu kwa mkono wa pili, akampigia mdogo wake, nami niko mbele yake na bisibisi mfukoni.

"Kuya mbio," alimwambia. "Huku kwetu hakuna fundi."