Mwanvua na Figo za Tigere

Dada yangu Mwanvua alikuwa mpishi, na nikisema mpishi sina maana ya mwanamke anayejua kupika. Harusi za mtaa wa Waswahili hapa Rumonge hazikupakuliwa mpaka yeye aonje mchuzi. Baba yetu, mzee Radjabu, alikuwa akisema Mungu alimnyima Mwanvua watoto akampa mkono. Mume wake alivuka ziwa kwenda Kigoma mwaka wa tisini na tatu, vita vilipoanza, akaahidi kurudi mambo yakitulia. Huko akaoa. Habari zilipofika, Mwanvua alisema tu, "Haya, mwenzangu naye amupikie," akaenda kutafuta kazi.

Kazi aliipata kwa Modeste, mwenye vinu vya mawese, mtu wa nyumba kubwa yenye ukuta mrefu na lango la chuma. Modeste alikuwa amekimbilia Bujumbura na watu wake wote. Nyuma aliacha kuku, mashine, na mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia anayeitwa Tigere. Makubaliano yalikuwa mafupi: Mwanvua amlishe mbwa, mbwa alinde nyumba, na muda wote mbwa akiwa hai chumba cha uani ni cha Mwanvua.

Msidharau chumba cha uani. Mwaka ule wa tisini na saba, kuwa na mlango unaofungwa kwa ndani ilikuwa mali kuliko ng'ombe. Mimi mwenyewe nilifika pale nikitoka Gatete, nyumba imechomwa, mume wangu ameuawa shambani kwetu, mgongoni nina mwanangu Anwari wa miaka mitatu. Anwari alikuwa na bwaki. Nywele zilikuwa nyekundu, mikono, miguu na mashavu vimevimba kwa njaa, hata mtu asiyejua angesema huyu anakula vizuri kwao. Mwuguzi wa zahanati aliniambia hakuna sindano ya ugonjwa ule. Dawa yake ni mayai, nyama, maharage. Nilicheka mbele yake, na sikucheka vizuri.

Mwanvua alitupokea bila kuuliza tutakaa siku ngapi. Mwezi wa pili tangu tufike, Tigere akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Alimaliza ndoo, akakojoa, akarudi kwenye ndoo. Alikonda. Alitapika povu asubuhi, na mdomo wake ukanuka mkojo. Mwanvua aliogopa kuliko nilivyomwona akiogopa risasi, kwa sababu mbwa akifa na chumba kimekufa. Akamwita Jephté, Mkongo wa Fizi aliyekuwa akitibu mifugo pwani yote ya ziwa.

Jephté alimpapasa mbwa tumbo, akamfunua ufizi, akatikisa kichwa.

"Mama Mwanvua, figo zake zimechoka. Haitapona. Lakini ikikula muzuri, inaweza kuishi hata mwaka."

"Kula muzuri namna gani? Nyama iko. Patroni Modeste anatuma nyama kila wiki."

"Ndiyo inaiua, hiyo nyama. Umupe kidogo sana, tena uitokose, ile supu isimufikie. Mufupa hapana. Samaki ndagala hapana kabisa. Chumvi hata chembe. Umupe wali mweupe na kijiko cha mafuta, kidogo kidogo, mara ine kwa siku, na maji yasikose. Yai, umupe ule mweupe tu. Njano hapana."

"Njano ya yai nimwage? Mu nchi hii?"

Jephté alimtazama Anwari aliyekuwa amekaa kizingitini. "Nimesema imbwa isikule, mama. Sikusema umwage."

Waswahili husema kufa kufaana. Kwetu ilikuwa kuugua. Chakula cha Tigere kilikuja kutoka Bujumbura na dereva wa Modeste: mchele na nyama; mayai tuliokota kwa kuku wa palepale. Daktari alimkataza mbwa nyama, sisi tulikuwa tumekatazwa na vita. Mwanvua akatenga sufuria mbili. Wali usio na chumvi na ute wa yai vilikwenda kwa Tigere. Supu, kiini cha yai na nyama aliyokatazwa vilikwenda kwa Anwari, na kikibaki tukalamba sisi. Mwanvua alimweleza dereva amwambie Modeste kwamba mbwa ana figo mbovu na analishwa kwa amri ya daktari. Dereva alirudi na jibu: fanyeni yote yanayotakiwa.

Basi yakafanywa. Mpishi wa harusi akawa anampikia mbwa mara nne kwa siku, akipoza wali kwa kuupepea, akiupasha tena Tigere akisusa, akimbembeleza kama bibi harusi. Kila akiguswa na mate ya mbwa alijiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Wanawake wa mtaani walimwita Mama Imbwa. Watu walikuwa wanakufa kwa kukosa mboga, nao wanamwona Mwislamu anavunja mayai kwa ajili ya mbwa. Siwalaumu. Hata mimi kuna siku nilimtazama Tigere akigeuza uso mbele ya sahani ya wali, nikatamani kumpiga teke.

Lakini aliishi. Alikuwa mbavu tupu, ndiyo, maana mbwa wa figo hanenepi hata ufanyeje, ila aliacha kutapika na lango likikwaruzwa alibweka. Anwari naye alianza kucheka. Nywele nyeusi zilichomoza chini ya zile nyekundu, uvimbe wa mikono ukatoka. Ulibaki wa mashavu na miguu. Mwanvua alinihakikishia kwamba miezi miwili mingine ingetosha.

Miezi miwili hatukuipata. Siku moja saa nne asubuhi Modeste aliingia na msafara uliosindikizwa na askari kutoka Bujumbura. Mwanvua hakuwa amemwona mwaka mzima.

"Amahoro, patroni," Mwanvua akasema.

"Amahoro. Tigere iko wapi?"

Tigere alikuja akijikokota. Modeste alipiga magoti vumbini na suruali yake nzuri, akamshika kichwa, na machozi yakamtoka. Nasema ukweli, alimpenda mbwa wake. Alipoinua macho alimwona Anwari kizingitini, bakuli mkononi, mdomo umepakaa njano ya yai.

"Kumbe!" akasema. "Imbwa yangu inabakia mifupa, mutoto yenu ananona! Nyama yangu iko mu mashavu ya huyu!"

Mwanvua alimweleza yote, figo, Jephté, supu, ute. Alieleza taratibu kama mtu anayemweleza mgeni njia. Modeste alicheka.

"Habari ya figo nilisikia. Lakini uliona wapi imbwa inakatazwa nyama? Munaniona mujinga?"

"Uulize Jephté, patroni."

"Jephté iko wapi?"

Jephté alikuwa Kabonga, mpakani, na barabara ya huko ilikuwa imefungwa wiki ya pili kwa mapigano. Nilimbeba Anwari mpaka mbele ya Modeste, nikambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. "Angalia, patroni. Hii si mafuta, ni maji. Ni njaa." Aliangalia pembeni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akionyeshwa kwa kidole.

Akamtuma dereva kwenye majiko ya nyama choma. Dereva akarudi na mishikaki ya mbuzi na sahani ya ndagala zilizokolea chumvi, chumvi ambayo siku zile, nchi jirani zimetufungia mipaka, sisi tuliiona kwa macho tu. Modeste aliviweka vyote mbele ya Tigere. Mwanvua aliruka, akaingiza mkono mtupu mdomoni mwa mbwa kuvuta ndagala. "Patroni, utamuua!" Modeste alimsukuma akaanguka.

Tigere alikula mpaka akalamba sahani, akatikisa mkia. Mkia ule sijausamehe mpaka leo.

"Munaona sasa? Ilikuwa na njaa," Modeste akasema. Kabla ya adhuhuri tulikuwa nje ya lango, mahali petu amewekwa binamu wa dereva, mtu mwema, mwenye mkono mkubwa wa kugawa mifupa.

Tulikwenda kambi ya wakimbizi wa ndani karibu na bandari, chini ya plastiki. Chakula kilikuwa unga, siku nyingine maharage, siku nyingine foleni tu. Tigere alikufa wiki ya pili. Nilisikia alichimbiwa kaburi bustanini, likawekwa saruji. Anwari alivimba upya, akaanza kuharisha, akafa wiki ya sita, Ijumaa. Sanda walitupa watu wa msikitini. Mwanvua ndiye aliyemwosha, na alimwosha polepole sana mpaka wakamwambia jua linazama.

Barabara ilipofunguliwa Jephté alirudi, akasikia, akapanda msafara mpaka Bujumbura akamwambia Modeste usoni kilichomuua mbwa wake. Namshukuru kwa hilo, ingawa lilikuja baada ya maziko. Baada ya siku chache akaja mjumbe kambini: patroni amenunua mbwa mwingine, mdogo, anamtaka Mwanvua arudi. Chumba kiko.

"Afadhali nikule udongo," nikasema.

Mwanvua alikuwa tayari anakunja mkeka. "Hadjara, masika inaingia. Kule iko mulango."

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwamba tumbo lisilozaa halina uchungu, na mengine mabaya kuliko hilo. Alimaliza kufunga mkeka. Alichukua sufuria, akatoka. Usiku uliotangulia walikuwa wameingia watu wenye bunduki upande wa pili wa kambi. Nikasimama, nikabeba ndoo, nikamfuata dada yangu.

Modeste alitupokea langoni, mtoto wa mbwa kwapani.

"Amahoro, mama. Yaliyopita yamepita. Jephté alinieleza yote." Akachungulia nyuma yetu. "Na kale katoto kanene mulikaacha wapi?"

"Kalikufa, patroni," Mwanvua akasema.

"Yoo! Pole, pole sana."

Akamkuna mbwa sikioni. Kisha akampa Mwanvua ufunguo, akamwambia nyama ya mbwa iko jikoni, aikate ndogo ndogo kwa sababu meno yake bado machanga. Mwanvua akasema asante, murakoze, akaingia kutafuta kisu.