Baba alivuka mto, mahakama ikasikia amekufa

Wakuu, salaam aleikum, na wasio wa dini yetu habari zenu. Ninayoyaleta hapa yalitupata Garissa wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, Wasomali wa kaskazini walipotaka kujitenga na Kenya. Sijayatia chumvi, machungu yake yananitosha.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari. Baba alikwenda Mandera kununua ngamia, vita vikafunga barabara nyuma yake.

Mvua zikapita, kiangazi kikapita. Kimya.

Adeer, yaani baba mdogo, akaenda mahakamani. Alitaka kaka yake atangazwe amekufa, ngamia wagawanywe, naye awe msimamizi wa mirathi na mlezi wetu.

Hooyo, mama yangu, akakataa. Mume wangu yu hai, alisema, na watoto wangu hawaendi kokote.

Kadhi alikuwa amekwama Wajir, kwa hiyo kesi ikasikizwa na DO, mkuu wa tarafa, mtu wa "Kenya", kama tulivyowaita watu wa huko chini.

Hooyo akapata shahidi: dereva wa lori aliyemwona Baba kule Mandera. Alikuwa anapita tu, msafara wa jeshi ukimsubiri barabarani, Hooyo hakupata nafasi ya kumhoji.

"Mkalimani yupo nje, nimwite," DO alimwambia. "Sema Kisomali."

"Habana, bwana mkubwa! Mimi nafika Mombasa na lori. Kiswahili iko ndani ya damu kama betroli!"

Watu wakacheka. Hooyo naye akacheka kwa sababu wengine wamecheka. Kiswahili hakukijua, na mimi sikukijua wakati huo.

"Ulimwona huyu mzee?"

"Wallahi, kwa macho yangu. Mto Daua, bale mbakani. Askari nakuja, maji kubwa sana."

"Ikawaje?"

"Amefuka."

Nje honi zilikuwa zinalia. DO akainamisha kichwa.

"Peke yake?"

"Na wenzake. Wote wamefuka."

Dereva akaruhusiwa, akakimbilia lori lake. DO akavua miwani, akamgeukia Hooyo. "Pole sana, mama."

Pole. Neno hilo Hooyo alilijua. Kilio alichotoa bado kinaishi ndani ya masikio yangu.

Wakuu, litamkeni wenyewe: amefuka. Sisi v hututoka f. Dereva alisema Baba amevuka, amefika ng'ambo salama. Lakini sikio la DO lilikuja pale likiwa limeshajiandaa kwa msiba, likasikia "amekufa".

Na Adeer? Aliketi nyuma ya dereva. Kiswahili alikijua vizuri, aliwauzia askari mbuzi kila wiki. Akasema "Inna lillahi" na kufunika uso.

Hooyo akavaa nguo nyeupe za eda. Eda ilipokwisha, Adeer akamrithi. Hiyo ni desturi yetu, mjane kuolewa na ndugu wa marehemu. Tukahamia kwake, sisi na ngamia.

Siku moja dereva akapita kutusalimu.

"Mzee hajarudi bado kutoka ng'ambo?"

"Ng'ambo gani?" Hooyo akauliza.

Akaeleza yote, kwa Kisomali safari hii. Kisha akaliona tumbo la Hooyo, la mimba ya Adeer.

Adeer alipoulizwa alijibu, "Nilidhani DO amesikia. Yeye ndiye msomi."

Mpaka leo sijui kama ni kweli.

Baba alirudi bunduki ziliponyamaza. Kadhi akamwambia ana haki ya kumdai mke wake. Akaja mpaka kwenye ua wa miiba, akamkuta Hooyo na mtoto mgongoni.

"Ulinikalia eda?"

"Yote."

"Basi umenizika vizuri, mama watoto. Usinifukue."

Sisi akatuombea ruhusa tumtembelee Habaswein, alikokwenda kuishi peke yake. Alizeeka huko.

Alipokufa kweli, Hooyo hakuwa na eda ya kukaa. Hakuwa mke wake tena. Siku ile alivaa dera lake la maua kama kawaida, akakoroga unga wa anjera, mkate wetu mwembamba, na hakuna jirani aliyejua kwamba ndiye aliyestahili kupewa pole.

Nilichojifunza: mbele ya hakimu, sema lugha uliyolilia ukiwa mtoto. Na ukiambiwa pole, uliza kwanza pole ya nini.

Wenye ndugu waliohesabiwa wafu miaka ile, nanyi semeni. Na mnaomjua Adeer wa namna hii: mngemsamehe?